Daktari wa Finjani

Daktari alikuwa haketi mahali mpaka ajue pa kutokea. Ukimkaribisha sebuleni atasimama kwanza na mkoba kifuani, aangalie dirisha, aangalie mlango, aulize ngazi ziko upande gani, ndipo ajishushe taratibu kwenye zulia kama mtu aliyeambiwa zulia limerowa. Gari lake aliliegesha likitazama njia. Zikitangazwa habari za mvua, hata ya manyunyu, alizipigia simu nyumba zote alizozijua zilizo karibu na mabonde ya maji, akiuliza watoto wako wapi. Nimemjua miaka mingi na sikumbuki siku niliyomwona ametulia.

Wengine walimcheka. Mimi sikuweza, kwa sababu hofu ndiyo iliyotukutanisha. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mwanangu Shemsa hana usonji, na ni yeye huyohuyo aliyekuja baadaye mpaka nyumbani kwangu, mtaa wa Wadi Kabir huku Omani, kuniambia kwamba anao. Baina ya maneno hayo mawili ulipita mwaka na zaidi, na mwaka kwa mtoto mdogo ni kitu kikubwa. Ndiyo maana nikimkumbuka, hata leo, hasira na mapenzi huja pamoja na sijui nianze na lipi.

Jina lake silitaji, na ukoo wake hauna kazi hapa. Sote tulimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari wa sindano wala wa vidonge. Alisomea makuzi ya watoto wadogo. Alikuwa mwanamke wa Kiomani, wa nyumba za Kiswahili kama sisi, ambaye Kiarabu chake na Kiswahili chake viliingiliana katika sentensi moja bila mwenyewe kujua. Alifanya kazi katika vyumba viwili vya mtaa wa Hamriya, juu ya duka la vifungo na lesi, ambako kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo, na ndoo yenyewe ilimtia wasiwasi kila ilipokaribia kujaa.

Kazi aliyojitwisha ilikuwa hii. Yako maswali yaliyotungwa ng'ambo ya kumtazamia mtoto mdogo dalili za usonji, au tawahhud kama wasemavyo Waarabu. Mama anaulizwa, anajibu ndiyo au hapana, na mwishowe inajulikana kama mtoto apelekwe kwa wataalamu au arudi nyumbani. Daktari alitaka maswali hayo yawafae watoto wa Kiarabu walio sehemu zisizo na mtaalamu wala chumba cha michezo: vijiji vya milimani, mahema ya jangwani, na nchi za jirani ambako kituo cha afya ni muuguzi mmoja na mkeka. Mtu alikuwa ameshayageuza Kiarabu, lakini kilikuwa Kiarabu cha msomaji wa taarifa ya habari.

"Nani anamwambia mwanawe maneno haya?" aliuliza, akilipiga ukucha karatasi lililokuwa mbele yake. "Nionyesheni mama mmoja anayesema hivi jikoni kwake, wallahi nnampa gari yangu."

Swali moja liliuliza kama mtoto hutishika na sauti za kila siku za nyumbani, kama vile mashine ya kufyonza vumbi. Mama mmoja kutoka milimani alijibu hapana, haogopi kabisa. Alipoulizwa vizuri ikajulikana kwamba kwake hapana mashine hiyo, kuna fagio la majani ya mtende. Tulicheka chumba kizima. Daktari naye alicheka, kisha akaanza kuuma mdomo. Jibu kama lile, alisema, likifika kwa mtu asiyeuliza mara ya pili, mtoto anayehitaji msaada anarudishwa nyumbani na mama yake anapewa hongera. Mashine ya vumbi ikatolewa, ikaingia blenda na pampu ya maji.

Mimi niliingia kwa mlango huo, miongoni mwa kina mama aliowakusanya ili kuyajaribu maswali yake. Alisoma swali, kisha kila mmoja wetu akamrudishia kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa. Asiyeelewa hakulaumiwa yeye, alilaumiwa aliyeandika, na mara nyingi aliyeandika ni Daktari mwenyewe, basi alijilaumu mbele yetu mpaka tukaona haya kwa niaba yake.

Neno lake lilikuwa moja: umeona nini? Ukimwambia mtoto wangu mkaidi, atakwambia ukaidi hauonekani kwa macho, umeona nini? Ukimwambia mtoto ana mapenzi sana, vilevile. Umeona nini? Nilipomwambia kwamba nilimwita Shemsa akiwa amenipa mgongo na hakugeuka, aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika. "Haya," akasema. "Hilo mtu anaweza kuliona."

Alikataza inshallah isiwe jibu. "Anakutazama machoni unapomlisha?" "Inshallah." "Inshallah ni dua, mamangu, nnaomba jibu." Na yeye mwenyewe hakuweza kwenda msalani bila kutuahidi kwamba atarudi inshallah. Alitufundisha tusimjibie mtoto, tumpe nafasi amalize, huku akimmalizia sentensi kila mtu mzima aliyezungumza naye. Mimi niliwahi kumwacha amalize habari yangu nzima ya daktari wa meno, na aliimaliza vibaya kuliko ilivyokuwa.

Alijua pia nani asiwepo chumbani. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alifuatana nami siku ya kwanza na akajibu yote kabla sijafungua mdomo. Mtoto anasikia? Anasikia kuliko sisi. Anasema? Atasema, baba yake naye alichelewa. Daktari hakumkatiza. Alimwomba kwa heshima zote ashuke dukani amchagulie lesi ya mto, kwa kuwa yeye hana macho ya rangi. Mavyaa akashuka amefurahi. Mlango ulipofungwa, Daktari akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana.

"Haya, sema upesi," akaninong'oneza, "kabla hajapata rangi."

Nilisema kwa pumzi moja. Shemsa haitiki jina lake. Haniletei kitu kunionyesha. Blenda ikiwashwa analia mpaka anatapika. Na kila kitu anachokishika, kijiko, ufunguo, kandambili, anakiinua karibu na jicho na kukitikisa, na ukimnyang'anya anaumia kama aliyechomwa. Nilipomaliza nilimwona anasugua mikono yake juu ya mapaja. Tulikaa vile, watu wawili wenye hofu, tukisikiliza maji yakidondoka kwenye ndoo.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo halikumtia hofu hata kidogo, nalo ndilo lililomponza. Jambo lenyewe ni finjani.

Lilikuwepo sanduku la michezo lililoletwa pamoja na mafunzo ya ng'ambo, la kumpima mtoto anavyojifanya na kuigiza. Ndani yake mlikuwa na keki ya plastiki yenye mishumaa, na mtoto wa jangwani aliitazama keki ile kama anavyotazama jiwe. Daktari akaliweka sanduku juu ya kabati. Badala yake alibeba mkobani finjani za kahawa, chupa tupu ya kahawa na leso. Kila nyumba ya Kiarabu ina finjani, alisema, hata isiyo na kitanda, kwa hiyo muuguzi popote alipo hahitaji kununua kitu.

Kwetu Omani mgeni akimiminiwa kahawa, mwenye kumimina hubaki mbele yake na chupa mkononi. Mgeni akiirudisha finjani vivi hivi, anamiminiwa tena. Akitosheka, anaitikisa kidogo kulia na kushoto, bila neno, na finjani inachukuliwa. Watoto huona jambo hili tangu wanatambaa. Wapimaji wageni walipomwona mtoto akitikisa finjani tupu, waliandika kwamba ana mtikiso wa mikono unaojirudia, na hiyo ni dalili. Daktari aliwakasirikia sana. Mtoto amejifanya mgeni, alisema, amewatazama watu na kuwaiga, na nyinyi mnamwandikia maradhi. Alikuwa ameshawatoa watoto kadhaa kwenye hukumu ya namna hiyo, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Siku ya Shemsa alikuwepo Njeri, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, Mkenya, aliyefanya naye kazi kwa muda mrefu. Njeri alikaa pembeni akirekodi kwa simu. Shemsa, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, aliwekwa mkekani, akaizunguka chupa ya kahawa bila kuigusa, kisha akaokota finjani. Akaitikisa. Uso wa Daktari ukang'aa.

"Mmemwona? Ametosheka, bibi huyu. Amekunywa, ametosheka."

"Mimi naona ameitikisa tu, Daktari," Njeri akasema. "Vile alikuwa anatikisa ufunguo hapo kwa mlango."

"Wewe si wa huku, Njeri. Huku hiyo ni lugha."

"Sawa. Lugha siijui. Lakini hajatuangalia hata mmoja wetu."

"Mgeni haangalii," Daktari akasema. "Mgeni anatikisa."

Akanigeukia, na nilimwona ana furaha ya mtu aliyekuja na zawadi. Huyu hana kitu, akaniambia, amechelewa kusema tu, mpeni muda. Nililia kwenye ngazi mpaka mwenye duka la vifungo akanipa kiti. Mavyaa alinunua lesi yote iliyobaki. Usiku ule nyumbani palinukia wali wa zafarani, na mume wangu, ambaye hukaa wiki nyingi kwenye visima vya mafuta, alinifanya nimsimulie habari ile kwenye simu kisha nimsimulie tena.

Asubuhi yake Shemsa alitikisa kandambili. Nilisimama mlangoni nikimtazama na nikatamani nisiwe nimeona. Katika kandambili hapana kahawa.

Nilirudi Hamriya. Daktari alinipokea kwa mapenzi, akanikalisha, akanionyesha video ya Shemsa kwenye simu yake kana kwamba siijui. Nikamwambia habari ya kandambili. Akasema watoto hucheza. Nilirudi tena baada ya miezi, Shemsa akiwa bado haniiti mama, akasema kila mtoto na saa yake. Yeye aliyetufundisha sote kuuliza umeona nini, mimi nilipomwambia nilichokiona, alinieleza maana yake. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kosa lenyewe. Njeri alinisindikiza mpaka chini, akaangalia juu kwenye ngazi kama tunasikilizwa.

"Mama Shemsa, mimi sisemi mtoto ako na shida," akasema. "Nasema usichoke kurudi."

Kumbe wakati huo video ya mwanangu ilikuwa ikisafiri. Daktari aliionyesha kwenye mafunzo ya wauguzi kila alipokwenda, iwe mfano wa mtoto mzima anayeweza kuhukumiwa kimakosa na mtu asiyejua desturi. Wauguzi walifurahi sana, alinambia, kuona finjani yao imekuwa kipimo. Mimi nilikuwa nyumbani na blenda iliyofungiwa kabatini, nikimkata Shemsa kucha akiwa amelala kwa sababu akiwa macho haiwezekani, na kila simu ya shule ya chekechea ilipolia nilianza kutafuta viatu kabla sijapokea. Walimrudisha mwishowe. Walisema ni mtoto mzuri ila hawamwezi.

Kilichomgeuza Daktari hakikuwa kurudi kwangu wala maneno ya Njeri. Alikwenda azaa, msibani, kwa watu anaofahamiana nao. Wanawake walikuwa wamekaa kuzunguka kuta, msichana akipita na chupa ya kahawa. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, na kichwa cha Daktari kilikuwa kwenye mabonde ya maji kama kawaida yake. Akawa anatikisa finjani yake, anaitikisa tu. Mama aliyekaa ubavuni mwake akamgusa goti.

"Daktari, unamtikisia nani?" akamuuliza.

Akainua macho. Msichana wa kahawa alikuwa ameshafika upande wa pili wa chumba, amempa mgongo. Mbele yake hapakuwa na mtu. Aliniambia kwamba alitokwa na machozi pale pale, mbele ya wafiwa, na kwamba watu walidhani analia kwa ajili ya marehemu.

Alikuja kwangu moja kwa moja. Nilifungua mlango nikamwona katika baibui la msibani, ananuka udi, na mkoba ameuacha garini. Akaingia, akakaa. Hakutazama dirisha, hakuuliza ngazi ziko wapi. Nilipoona hivyo nilijua kuna jambo.

"Nani alikuwa mbele yake?" akaniuliza.

"Mbele ya nani, Daktari?"

"Mbele ya Shemsa, siku ile. Nani alisimama na chupa?"

Nikafikiri. "Hapakuwa na mtu. Chupa ilikuwa chini, mkekani."

"Hapakuwa na mtu," akasema. "Mgeni anamtikisia mwenye kumimina. Kama hapana mtu mbele, basi hapana mgeni wala kutosheka, kuna kutikisa tu. Njeri alinambia. Na wewe ulinambia, ukarudi ukanambia tena. Nimekosea, mwanangu. Nnaona Shemsa anao."

Mavyaa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga. "Lakini ulitwambia hana," akasema, si kwa ukali, kwa sauti ya mtu anayeomba arudishiwe kitu chake.

"Nilisema, mama. Nilitaka iwe hivyo, nikaona hivyo."

Sitaki kujifanya mwema. Nilimchukia. Nilimtazama akiwa pale kwenye zulia langu, nikamchukia kwa mwaka ule wote, kwa wali wa zafarani, kwa video iliyochekelewa mikoa yote. Na wakati huohuo kifua changu kilifunguka, maana tangu asubuhi ya kandambili nilikuwa nikibeba peke yangu kitu ambacho sasa kilikuwa na jina na mtu wa pili wa kukibeba. Nilimletea maji. Alikunywa nusu, nusu ikamwagikia baibui.

Baada ya hapo Shemsa alipimwa upya na wengine, na walisema alivyosema Daktari. Njeri akaanza kazi naye. Kwa muda mrefu kazi yenyewe ilikuwa kukaa sakafuni na kungoja, na mimi, ambaye sina subira hata ya maji kuchemka, nilijifunza kukaa sakafuni na kungoja. Neno lake la kwanza la kutuomba kitu lilikuwa "washa", alilisema kwa ajili ya taa ya ngazi, na mavyaa aliizima na kuiwasha taa ile mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Daktari hakuifuta video. Nilimwambia aifute, akakataa, akaniomba ruhusa, nikampa, akaendelea kuionyesha. Ila sasa aliwauliza wauguzi wameona nini, akawaacha waseme, kisha akawaeleza yeye alisema nini na mtoto akacheleweshwa kiasi gani. Wengine walimwonea haya wakainamisha vichwa. Aliwapigia simu wote aliokuwa amewafundisha mwanzo, mmoja mmoja, na wengi wao hawakukumbuka hata hiyo finjani yenyewe. Akalibadilisha jaribio. Muuguzi akae uso kwa uso na mtoto, ajifanye anammiminia, angoje, na asiitazame finjani kabla hajayatazama macho ya mtoto yanakwenda wapi.

Na hofu yake ikazidi. Tangu siku ile sikumsikia akisema juu ya mtoto yeyote kwamba hana kitu. Alisema njooni tena, tutazame tena. Kuna kina mama waliochoka naye wakaenda kwingine kutafuta mtu wa kuwapa neno moja la hakika. Mimi alinipigia simu mno. Amekula? Amelala? Leo ameuliza kitu? Nikimjibu kwa furaha aliniuliza nimeona nini hasa, na ilinibidi nikiri kwamba nimeona nusu ya nilichomwambia.

Shemsa alikua, na kati ya mambo yote ya duniani alipenda kumimina kahawa. Nadhani alipenda kwa sababu kahawa ina kanuni na watu wazima wanaifuata. Chupa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, mtu akitikisa chukua, asipotikisa mimina. Hakuwa na msamaha. Mjomba wangu mmoja, asiyeweza kusema bila mikono, alinyang'anywa finjani kila alipofika patamu pa hadithi, mpaka akajifunza kuisimulia akiwa ameukalia mkono wake mmoja. Tulimcheka mjomba, lakini mimi moyoni nilikuwa na wasiwasi wangu. Mwanangu alikuwa ameijua alama. Sikujua kama amemjua mtu anayeitoa.

Kisha Daktari akastaafu, tukapunguza kuonana. Nilisikia kwamba haendeshi tena gari, na kwamba mikono yake imeanza kutetemeka, ugonjwa wa wazee. Simu zake ziliendelea, sauti ikiwa ndogo kidogo. Siku moja mwaka huu akaniambia anataka kuja, Njeri atamleta.

Alipanda ngazi peke yake, polepole, huku Njeri akizunguka chini kutafuta pa kuegesha baina ya magereji. Nilimpokea mlangoni nikaushika mkono wake, na mkono ulikuwa ukicheza ndani ya wangu kama kitu kinachotaka kutoka. Aliangalia dirisha, akaangalia mlango, nikafurahi kumwona hajabadilika. Akajishusha kwenye zulia. Hatukuzungumza mengi kabla hajafika kwenye lile alilolijia.

"Kila nikikaa peke yangu nnajiuliza," akasema. "Ule mwaka ungempa nini? Mimi nilimnyima nini mtoto yule?"

Ningeweza kumwambia hukumnyima kitu, na asingenisadiki, na mimi pia nisingejisadiki. Nikasema, "Sijui, Daktari." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa haki yake.

Hapo Shemsa akaingia na chupa ya kahawa. Amekuwa mrefu, anakaribia bega langu. Hakumsalimia, huwa anasalimia akishamaliza kumimina. Akainama, akamimina kidogo, akampa. Daktari akaipokea kwa mkono wa kulia, na finjani ikaanza kutikisika, kulia na kushoto, kabla hata haijafika mdomoni.

Nilijua kitakachotokea. Shemsa ataichukua. Daktari ataondoka kwangu hajaonja kahawa, na atakwenda nalo jambo hilo nyumbani, aliweke pamoja na mengine. Nilifungua mdomo nimwambie mwanangu aache. Daktari akanitazama, akafumba na kufumbua macho taratibu, kunambia ninyamaze.

Shemsa alikuwa ameshanyoosha mkono. Vidole vyake viligusa finjani, kisha vikasimama. Akautazama mkono wa kulia wa Daktari. Akautazama wa kushoto, uliokuwa mtupu juu ya paja, na huo nao ulikuwa ukitetemeka. Alirudi kwenye wa kulia, akarudi kwenye wa kushoto, kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine angevumilia kutazamwa. Halafu akamtazama Daktari usoni, mara moja, akaondosha macho.

"Bado," akasema. "Mkono tu."

Akaweka kiganja chake chini ya finjani, akaishika isicheze, akangoja mpaka Daktari akainamisha kichwa na kunywa. Kisha akammiminia tena, akarudi nyuma hatua, akasimama na chupa yake kama anavyosimama siku zote.

Machozi yalimtoka Daktari na hakuyafuta, labda kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na finjani na mwingine hauaminiki. Aliponigeukia alikuwa na uso ule wa Hamriya, wa mtu aliyeegemea mbele mpaka magoti yagusane na yako.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona amekutazama," nikasema. "Ametazama mikono, kisha akakutazama wewe."

"Na mimi nimeona hivyo. Lakini mimi usinihesabu, mwanangu. Wala wewe usijihesabu. Sisi tunataka mno iwe hivyo."

Chini mlango wa gari ulibamizwa, na viatu vya Njeri vikaanza kusikika kwenye ngazi.

"Mwache Njeri apande," akasema Daktari. "Tutakunywa tena mbele yake."

Akaishika finjani yake kwa mikono yote miwili, ikitetemeka, akangoja.